Nataka niishi kwa kuzamia meli zilizozama na kuandika vitabu, ila bega linauma

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, ni daivu masta kwenye hoteli moja kaskazini Unguja, daivu zangu zimefika kama 400. Mgeni mmoja aliniachia kitabu cha zamani chenye habari za Peter Throckmorton, yule Mmarekani aliyekuwa anazamia meli zilizozama huku anaandika, na tangu nikisome sina raha, nataka maisha yale. Wavuvi wa kijijini kwetu wana sehemu nyavu zao zinanasa, wameshatoa kipande cha shaba na vigae vya sahani za bluu na nyeupe. Nimepima kwa kamba ni kama mita 45. Rafiki yangu ameshashuka 50 kwa mtungi wa kawaida akarudi mzima. Maswali yangu: mtu wa huku anaweza kuishi kwa kazi hii? Nikitoa vitu vichache nikauza nipate mtaji wa kitabu cha kwanza, nitakuwa nimekosea? Na nianzie wapi? Mama anasema bahari imenichukua akili. Halafu kitu kidogo, juzi nilipiga daivu tatu kwa siku, tangu hapo bega la kushoto linauma, leo siku ya pili, wenzangu wanasema ni uzito wa mitungi."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali makubwa halafu bega ukaliweka mwisho kabisa, kama mgonjwa anayemaliza yote kwa daktari, ameshashika kitasa cha mlango ndo anasema "na pia kifua kinabana". Mimi naanza na bega, hayo mengine yatasubiri.

Inawezekana kweli ni mitungi. Umebeba, umenyanyua boti, umelala vibaya, sijui. Ila maumivu ya bega yanayokuja baada ya daivu tatu za siku moja, hayana jeraha, hayana uvimbe, yanauma kwa ndani kama jino, hayo ndo maumivu ambayo sisi walimu tunafundishwa kuyatilia shaka kabla ya kitu kingine chochote. Bega na kiwiko ni sehemu ambazo ugonjwa wa presha ya maji (siyo presha ya damu, wazamiaji wanauita bendi, siyo ya muziki) unapenda sana kukaa. Na tabia yake ya pili ni hiyo ya wenzako, yaani kila mtu anatafuta sababu nyingine, maana hakuna anayetaka kuitwa mgonjwa wa bendi halafu akakosa kazi wiki mbili.

Kinachotokea ni hiki. Hewa ya kwenye mtungi ni hii hii ya huku juu, karibu asilimia 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Naitrojeni mwili hauna kazi nayo, inaingia inatoka. Ukishuka, kila mita 10 za maji zinaongeza presha sawa na ile nzima ya hewa ya juu, kwa hiyo mita 10 ni mara 2, mita 20 mara 3, mita 30 mara 4. Regyuleta, kile kifaa cha mdomoni unachovutia hewa, inakupa hewa kwa presha ileile ya maji yaliyokuzunguka, la sivyo kifua kisingefunguka, na kwa presha hiyo naitrojeni inayeyuka kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye maungio, kidogo kidogo kadiri unavyokaa. Chini huko haikudhuru. Kupanda ndo kwenye shughuli, maana presha ikishuka haraka ile naitrojeni haisubiri itoke kwa mapafu kistaarabu, inageuka mapovu hapo hapo ilipo. Mfano wa soda kila mwalimu anautumia na mimi nautumia, kwa sababu chupa ikiwa imefungwa huoni povu hata moja, gesi imo lakini imetulia, fungua kizibo uone. Na daivu ya pili unaianza mwili bado haujamaliza kutoa ya kwanza, ya tatu ndo kabisa, kwa hiyo hata kama kila moja ilikuwa ndani ya mipaka, siku yenyewe kwa ujumla inaweza ikawa ilizidi.

Kwa hiyo leo, siyo kesho: usizame. Kama kituo chenu kina mtungi wa oksijeni ya dharura, na kinatakiwa kiwe nao, vuta hiyo wakati unapanga safari ya hospitali. Kunywa maji. Usikandwe, usimeze dawa ya maumivu ukasema imeisha, na usipande ndege. Nenda kwa daktari, na ukifika usiseme tu bega linauma maana utapewa dawa ya kuchua urudi nyumbani, mwambie nilipiga mbizi kwa mtungi, kina hiki, dakika hizi, siku fulani saa fulani, nenda na kompyuta yako ya daivu mkononi aione. Kama hajawahi kukutana nayo siyo kosa lake, mwombe apige simu ya dharura ya Divers Alert Network, wana madaktari wa mambo haya, wataongea naye na watamwambia kama unahitaji chemba ya presha, kile chumba wanachokurudishia presha halafu wanaishusha taratibu. Na ukianza kuhisi ganzi, miguu kukosa nguvu, mkojo kugoma, kizunguzungu au pumzi kukata, hapo usiulize mtu wala usisubiri asubuhi, hiyo ni dharura.

Kitu kimoja zaidi. Najua wavuvi wa majongoo ya bahari wakiumwa wanarudi chini "kujitibu", na kweli maumivu yanapungua wakiwa chini, kwa sababu presha inabana yale mapovu. Wakipanda tena yanafunguka, na safari hii na nyongeza. Jirani yangu hapa Tanga alifanya hivyo akiwa kijana kama wewe. Sa hivi anatembea na magongo mawili, anauza vocha na sigara mlangoni kwake, na akiona watu wanapita na mitungi anawaita mmoja mmoja awahesabie dakika.

Haya, sasa tuongee.

Hizo mita 45 kwa hewa ya kawaida. Rafiki yako alirudi mzima, sawa, na kuna watu wanavuka barabara ya lami wamefumba macho wanafika. Kwa 45 presha ni mara 5.5. Mtungi ambao huku juu ungekupa saa nzima, kule unakupa dakika kama 11, hapo hujaweka akiba ya kupanda na hujaogopa, na mtu akiogopa anavuta mara mbili. Muda wa kukaa bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ni dakika chache sana, hazifiki kumi. Halafu kuna ulevi wa kina. Naitrojeni ikizidi presha inalewesha, kuanzia kama mita 30 wengi wanaanza kuusikia, na ubaya wake ni kwamba aliyelewa anajiona yuko sawa. Niliwahi kushuka 42 na slati (kibao cha kuandikia chini ya maji) na penseli nichore nanga moja, nilijiona nachora kama injinia, nimefika juu nakuta nimeandika namba ileile ya kipimo mara nne na nanga yenyewe ina mikono mitatu. Sasa wewe unataka kwenda kusoma meli, yaani kazi ya akili, mahali ambapo akili umeiacha kwenye boti. Kozi za burudani zinaishia mita 40, na zaidi ya hapo ni mafunzo mengine kabisa, gesi nyingine, mitungi zaidi ya mmoja, na timu. Unaweza ukafika huko siku moja. Usifike na mtungi mmoja wa kukodi.

Tuje kwa huyo Throckmorton wako, kwa sababu nadhani umempenda kwa sababu nzuri ila umeelewa vibaya kazi yake ilikuwa nini. Wengi wanadhani maisha ya hawa watu ni kushuka, kukuta sanduku, kupanda, kuandika nilivyolipata sanduku. Yeye alikuwa mpiga picha na mwandishi wa habari. Mwaka 1958 yuko Bodrum, Uturuki, kamji ka wavuvi wa sponji, na alichokifanya muda mrefu kuliko kuzama ni kukaa nao. Alipanda kwenye boti lao, akala nao, akalala nao juu ya deki, akawauliza mmoja mmoja: umeona wapi mitungi ya udongo chini? Wale watu walikuwa wanatembea chini ya bahari kila siku na kofia za shaba na mipira ya hewa, wengi wamepoozwa na bendi kama jirani yangu, wanaijua sakafu ya bahari kama wewe unavyoijua njia ya msikitini. Kwao ile mitungi ilikuwa takataka inayochana mipira. Yeye akaandika kila neno kwenye daftari, akaenda kuhakiki anavyoweza, na alipomaliza alikuwa na orodha ya meli za kale kwa makumi, ambazo hakuna profesa yeyote alikuwa anajua zipo.

Jioni moja nahodha wa boti, Kemal Aras, akataja kwamba huko rasi ya Gelidonya kuna rundo la shaba imeoza imeshikana na mwamba, haing'oki, ana mpango wa kurudi na baruti aivunje akauze skrepa. Hebu jiweke pale. Mtu mwingine angesema tugawane. Throckmorton akawaza kwamba shaba haiozi kirahisi hivyo, mpaka ifikie kushikana na mwamba lazima iwe imekaa chini miaka mingi ajabu. Mwaka 1959 wakaitafuta wakaipata, akawaandikia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na 1960 wakamtuma kijana anaitwa George Bass ambaye masomo ya kupiga mbizi alikuwa ameyapata juzi tu kwenye bwawa la kuogelea, huko Philadelphia. Wakachimba kwa utaratibu, kwa vipimo na michoro, kwenye mita kama 27 hivi, na mpaka leo ile inahesabiwa ndo mara ya kwanza mwanaakiolojia mwenyewe kushuka na kuichimba meli ya kale chini ya bahari mpaka mwisho kama wanavyochimba nchi kavu. Ilikuwa ya karibu mwaka 1200 kabla ya Kristo. Na ilikuwa imebeba nini? Vipande vikubwa vya shaba vya umbo la ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, na vifaa vibovu vya shaba nyeusi (shaba iliyochanganywa na bati), majembe na mashoka yaliyovunjika, ya kwenda kuyeyushwa upya. Yaani ilikuwa meli ya skrepa! Imekaa chini zaidi ya miaka 3,000, kidogo tu iuzwe skrepa mara ya pili.

Ndo maana nakwambia umempenda kwa sababu nzuri. Yule bwana maisha yake yote alikuwa anawahi vitu kabla ya mtu wa skrepa. Mwaka 1961 kwenye bandari ya Piraeus huko Ugiriki aliona meli chakavu, mlingoti haupo, anayeipita haigeuzii shingo, yeye akaona umbo la chini akajua hii ni merikebu ya matanga. Ilikuwa Elissa, ya chuma, imeundwa Aberdeen mwaka 1877. Ilichukua miaka mingi na fedha ambazo hakuwa nazo, lakini haikukatwa, leo iko Galveston, Texas, na matanga yake. Mwaka 1975 akapata mabaki kwenye kisiwa cha Dokos, Ugiriki, yanayotajwa kuwa ya zamani kuliko meli yoyote iliyojulikana, ingawa mbao hazikubaki, vilivyobaki ni vyungu. Alifariki 1990. Tajiri hakuwa. Aliishi kwa kuuza picha na makala kwenye majarida kama National Geographic, vitabu, kufundisha kidogo, na kukopa.

Sasa usiseme hayo ni ya kwao. Yule kijana Bass baadaye alianzisha taasisi ya akiolojia ya bahari, na mwaka 1977 taasisi hiyo ikaja Mombasa kufanya kazi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Chini ya ukuta wa Fort Jesus kulikuwa na Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyoundwa India, iliyokuja kuokoa ngome wakati Waomani wameizingira, ule mzingo ulianza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698, na yenyewe ikazama hapo hapo mwaka 1697. Walichimba mpaka 1980 chini ya Robin Piercy. Na meli ile ilijulikana ipo kwa sababu wapiga mbizi wa Mombasa walikuwa wameshaiona tangu miaka ya 1960, wakasema. Ukienda Fort Jesus leo utaona vitu vyake. Mbao zenyewe zilipimwa, zikachorwa, zikafunikwa tena zikaachwa kwenye tope.

Kwa nini waliziacha? Hapa ndo jibu la swali lako la kuuza.

Kwenye bahari yetu ya joto mbao iliyo wazi haina maisha, kuna mdudu anaitoboa mpaka inabaki kama sega la nyuki, kila fundi wa jahazi anamjua, ndo maana vyombo vinapandishwa ufukweni kupakwa shahamu na chokaa. Kinachobaki ni kile kilichozikwa kwenye mchanga na tope, ambako hewa haifiki na mdudu hafiki. Pale kitu kimetulia. Kimezoeana na mazingira yake. Ukikitoa umekianzishia maradhi. Wasweden waliitoa meli yao ya kivita Vasa mwaka 1961, imekaa chini miaka 333, wakainyunyizia dawa miaka 17 mfululizo isipasuke wakati inakauka, na bado wanaihangaikia. Chuma ndo mbaya zaidi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilitoa risasi ya mzinga, tufe la chuma la ukubwa wa danzi, nikaisugua ganda lake la mwamba, nikaiweka dirishani kwetu najisifu. Mwezi wa kwanza ikatoa jasho la njano. Wa tatu ikaanza kubanduka kama kitunguu. Kabla mwaka haujaisha ilipasuka katikati, mama akaizoa na fagio. Chumvi imeingia ndani ya chuma karne na karne, ikikutana na hewa inakila, na kuitoa chumvi hiyo kunataka karakana na miaka. Ile risasi ilikuwa ya nani, ilitoka mzinga upi, ililala upande gani wa meli, sijui na hakuna atakayejua. Nadhani hata haya ninayoandika leo ni kulipa lile deni.

Kwa hiyo hivyo vigae vyako ukiuza kwa mtalii utapata hela ya mlo mmoja mzuri. Vikiwa mahali pake vinaweza kusema meli ilitoka wapi na karne gani, maana sahani za bluu na nyeupe mafundi wake walikuwa wanabadilisha michoro na wataalamu wanaisoma kama sisi tunavyosoma kanga, wanajua hii ni ya miaka gani. Na kisheria pia huna pa kusimama. Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Zanzibar kuna idara yao ya makumbusho na mambo ya kale, Kenya wana sheria ya 2006, na kimataifa kuna mkataba wa UNESCO wa 2001 unaohusu vitu vilivyokaa majini angalau miaka 100, ambao unakataa kabisa biashara ya vitu hivyo. Mzamiaji anayekamatwa na vigae kwenye begi haandikwi kwenye vitabu vizuri. (Na tayari ukisema Dar kwamba wewe ni mzamiaji watu wanadhani ulijificha kwenye meli ukaenda Sauzi, usiongeze kesi nyingine.)

Sitakudanganya kwamba kutoa taarifa hakuna gharama. Wavuvi wataogopa wafukuzwe kwenye eneo lao, na hofu hiyo ina msingi, nimeona mahali wageni walipewa kibali na wenyeji wakabaki kutazama. Pia taarifa inaweza ikakaa mezani. Ukinyamaza, ataenda mtu wa skrepa au wa baruti, na wewe unajua baruti bado ipo kwenye bahari yetu. Mimi ningekaa kwanza na wale wavuvi, wakubali wao, majina yao yaandikwe kwenye taarifa kama waliogundua, halafu twende idarani pamoja na picha za vile vilivyokwisha kutoka, kila kimoja na rula pembeni, na maelezo kilitoka kwa wavu wa nani mwezi gani. Vigae vilivyopo viwekwe kwenye ndoo ya maji, visikaushwe juani. Alama za mahali zikae kwenye daftari. Usiweke TikTok hata kama utaficha mahali, watu wanasoma milima nyuma yako.

Kuishi kwa kazi hii sasa. Kwa vitabu peke yake, hapana, siyo mwanzoni na huenda siyo kamwe. Kitabu cha Kiswahili kinauzwa polepole, utalipa chapa mwenyewe, utakibeba kwenye begi. Hoteli zitataka cha Kiingereza. Wewe una kitu ambacho Throckmorton hakuwa nacho, mshahara wa daivu, usiutupe. Jifunze kamera ya chini ya maji vizuri mpaka uweze kuuza picha. Andika makala fupi kabla ya kitabu, moja kila mwezi, hata kama hulipwi mwaka wa kwanza. Na jitolee kwa watu wa makumbusho wanapofanya upimaji, wanahitaji wazamiaji wanaotulia chini na kushika futi kamba. Kenya wamesonga mbele yetu hapa, Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa amekuwa akifanya akiolojia ya chini ya maji miaka mingi, kuna meli ya Wareno ya karne ya 16 pale Ngomeni karibu na Malindi. Mfuatilie.

Na kitabu cha kwanza mi nisingekitafuta kwenye mita 45. Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Wajerumani Königsberg iliikuta meli ya Waingereza Pegasus imetia nanga Zanzibar inatengenezwa injini, ikaipiga mpaka ikazama, makaburi ya mabaharia wake yako kisiwa cha Chapwani, unakiona ukiwa Forodhani. Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza wakaihangaikia miezi, Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1915, kisha wakaitoa mizinga yake yote kumi wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Leo Fort Jesus kuna mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg, mahali pamoja. Vitabu vya habari hiyo vipo tele, kwa Kiingereza na Kijerumani. Lakini ile mizinga haikutembea yenyewe kutoka Rufiji. Waliivuta watu, kwa kamba, kwenye tope na pori, na watu hao walikuwa na majina na wajukuu wao wengine wako Utete na Kibiti wanauza mihogo. Hicho kitabu kwa Kiswahili mi sijakiona. Hakihitaji mtungi hata mmoja, kinahitaji nauli, daftari na subira ya kukaa barazani mzee akianza habari na ndoa ya shangazi yake kabla hajafika kwenye mzinga.

Ukiandika meli za karibuni, kama MV Bukoba ya 1996 au Spice Islander ya 2011, jua hizo ni makaburi na wenye wafiwa wanapanda daladala moja na wewe. Hapo unaanza na familia, na wakikataa umekubali.

Mama mwambie bahari haijachukua akili, ila atakuwa na haki ya kusema hivyo kama hujaenda hospitali hadi leo jioni. Nenda, halafu niandikie walichosema kuhusu bega, na kina cha zile daivu tatu na ulipumzika muda gani katikati. Hata wakisema ni misuli, daktari akupe ruhusa mwenyewe kwa mdomo wake ndo urudi majini. Wakati unasubiri, maji mafu wavuvi wanakuwa na nafasi zaidi, nenda kakae nao. Anza na yule ambaye wavu wake ndo ulinasa, muulize siku ile kulikuwa na upepo gani.